Yai la Mgeni

Wiki iliyopita gesi iliniishia asubuhi, chai haijachemka na yai liko mkononi. Hapa Tunduma nimepanga chumba kimoja nyuma ya gereji, na muuza gesi wa mtaa huu hafungui duka mpaka ashibe usingizi. Mama mwenye nyumba alinikuta nimesimama mlangoni na yai langu kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Akaniletea jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, lenye tambi za kupandisha na kushusha kwa kishikio cha pembeni.

"Ni zee," akasema, "lakini likishawaka halina matata."

Nikawasha kiberiti. Ile harufu ya mwanzo, ya tambi zinaposhika kabla moto haujageuka buluu, ilinipanda puani mpaka macho yakanitoka machozi, na moshi haukuwa sababu peke yake. Yai likaungua chini, juu likabaki maji. Nimeunguza mayai Kahama, nimeyaunguza Makambako, Masasi na Mbamba Bay. Kila mji ninaohamia nanunua kikaango kipya nikidhani kosa lilikuwa la kikaango kile cha zamani. Yai ninalolitaka sijalipata.

Niwasimulie jiko la kwanza lilivyofika mlimani.

Nilizaliwa Mpanda. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, Mchagga wa Old Moshi aliyepelekwa huko na kazi, akaoa huko huko binti wa wenyeji. Kila asubuhi, kabla baba hajaenda kazini na mimi shuleni, mama aliwasha jiko lake la mchina la rangi ya kijani, akakata kitunguu chembamba kama karatasi, akakaanga yai moja moja. Mafuta yalilia, kingo za yai zikakunjamana na kuwa kahawia kama lesi ya kitambaa, kiini kikabaki laini. Lile nililiita yai, na nilidhani dunia nzima inalipata.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Ndugu zake walituma habari kwamba mtoto wa kiume hakui mbali na kihamba cha baba yake. Kihamba ndilo shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, ambalo kwetu ukoo hurithishana, na baba alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo kihamba cha bibi kilikuwa chake, na baada yake changu. Mama hakubishana. Alifunga nguo zangu kwenye mfuko wa salfeti, akamwaga mafuta ya jiko, akalivingirisha katika kitenge, na tukapanda treni.

Jiko lile lilisafiri mapajani mwake kutoka Mpanda hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Morogoro, na kutoka Morogoro ndani ya basi lililokuwa likisimama kila palipokuwa na mtu mwenye mzigo. Mafuta yalimwagwa lakini harufu haikumwagika. Ndani ya behewa kulikuwa na bwana mmoja mwenye sanduku la ngozi ambaye alivumilia mpaka akachoka.

"Mama, hilo jiko si lingepanda behewa la mizigo?"

"Na sanduku lako lingepanda lipi?" mama akamjibu.

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, akageuzia pua dirishani mpaka Tabora.

Kila stesheni walikuja wauza mayai ya kuchemsha, chumvi imefungwa kwenye vipande vya gazeti. Nililia nipate. Mama hakununua hata moja. "Yai la kuchemsha ni la safari," aliniambia. "La kukaanga ni la nyumbani. Tukifika kwenu nitakukaangia." Nilijibu kwamba sasa tuko safarini, kwa hiyo lile la kuchemsha ndilo haki yangu. Akasema nina mdomo wa baba yangu, na hayo ndiyo yakawa majibu.

Tulifika Moshi mchana, tukapandishwa juu nyuma ya pikapu iliyokuwa ikirudi na vikapu vitupu baada ya kushusha ndizi sokoni. Nilikuwa nimeahidiwa mlima. Njia nzima baba yangu mkubwa, aliyekuja kutupokea, alinyoosha kidole akisema mlima ule pale, na pale palikuwa na ukungu. Ukungu, migomba, maji yanayopita kwenye mfereji kando ya njia, na baridi iliyoingia kwenye kaptula yangu ya Mpanda bila kubisha hodi. Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yangu ya kwanza na mahali pale: kwamba ukiukaribia mlima hauuoni.

Bibi alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa mfupi, amevaa mabuti ya mpira na vitenge viwili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekawia."

Ndivyo alivyoniita mpaka mwisho. Kule mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, na ule utani ulikuja na majukumu yote ya mume: kuchota maji, kuleta majani, kutoa mbolea bandani. Haki moja tu haikuja nao, nayo ni ya kuchagua chakula cha asubuhi.

Mama alikaa siku chache. Asubuhi ya kuondoka aliweka jiko lake kwenye kizingiti cha nyumba, akatia mafuta aliyonunua kwenye chupa, akanikaangia yai kama alivyoahidi. Bibi alisimama uani, mikono nyuma, akitazama moto ule wa buluu usiohitaji kupulizwa. Yeye alipikia kwenye mafiga, ndani ya jiko la nje lenye kuta nyeusi kama chungu. Nilipomaliza kula, mama alilipangusa jiko likiwa bado vuguvugu, akamkabidhi Bibi.

"Nakwenda kumaliza mambo ya ile nyumba ya reli," akasema. "Nikirudi nitalikuta."

"Utalikuta," Bibi akasema, akalipokea kwa mikono miwili.

Halafu mama akanishika kichwa, akashuka na njia ya mfereji. Kitenge kilichokuwa kimefunga jiko sasa alikuwa amejifunika mabegani.

Bibi aliliweka jiko juu ya kabati la vyombo sebuleni, akalifunika kitambaa cha kufuma, cha maua mekundu. Hapo likakaa. Kila Jumamosi alilishusha, akalipangusa, akazipandisha tambi na kuzishusha kuona kama hazijakwama, akalirudisha. Hakuliwasha. Nilingoja wiki ya kwanza nikidhani anajifunza. Nilingoja mwezi nikidhani anangoja mafuta ya taa. Hatimaye nikauliza.

"Bibi, lini utanikaangia yai?"

Alinitazama kama niliyeuliza lini tutamchinja ng'ombe. Akasema yai ni kuku aliyelala. Akasema ukila yai umekula kuku, na vifaranga vyake, na chakula cha mgeni ambaye bado yuko njiani. Kisha akamalizia kwa lile ambalo watoto wa nchi hii wote wameambiwa, kwamba mtoto anayekula mayai huishia kuwa mwizi. Nikamwambia nimekula mayai tangu nimeota meno na sijaiba hata sindano. "Bado mapema," akasema.

Mayai yalikuwepo, hilo ndilo lililonikera. Kuku wake walilala kwenye jiko la nje, juu ya dari ya kuni, wakitaga ndani ya kapu kuukuu lenye majani makavu ya migomba. Nilisikia kila yai likitangazwa, maana hakuna kiumbe mwenye majivuno kama kuku aliyetoka kutaga. Nikakimbia, nikalishika likiwa na joto, nikalirudisha. Mayai yale yalikuwa ya kulaliwa, au ya mzazi aliyejifungua, au ya baba mkubwa akija kutoka mjini. Mimi nilipewa uji, au ndizi zilizobaki jana zikapashwa moto, au kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja mpaka vikakosa jina. Leo ningepanda basi usiku kucha kwa ajili ya bakuli la kiburu cha Bibi. Wakati ule nilikila nikitazama juu ya kabati.

Na kupika mwenyewe nisingeweza. Binamu yangu Eliwaza, aliyekuwa akiishi nasi na kunizidi umri kidogo, ndiye aliyeingia jikoni. Mimi nilifukuzwa mlangoni. "Mume hapiki," Bibi alisema. Eliwaza akanitolea ulimi akiwa nyuma yake.

"Mtoto wa treni," aliniita, "kwenu wanaume wanakaanga mayai?"

"Kwetu wanayala."

"Basi kakae kwenu huko."

Desemba ndiyo ilinimaliza. Mnazijua Desemba za kwetu: magari yanapanda kutoka Dar, barabara zinajaa, migombani inafunguliwa nafasi ya kuegesha, watu wanasalimiana kwa kelele kama waliookoka vitani. Walikuja watoto wa shangazi, wa umri wangu, wamevaa viatu vyenye taa kisigino. Asubuhi yake nilisikia mafuta yakilia jikoni. Bibi alikuwa akikaanga mayai kwenye mafiga, moshi umemjaa machoni, na mayai yakatoka na majivu juu kama pilipili manga. Wakapewa wote, mpaka yule mdogo aliyesema hapendi kitunguu. Nilikaa kwenye kigoda na bakuli langu la kiburu nikingoja zamu yangu. Zamu haikuja.

Nilimfuata bandani alipokwenda kukamua.

"Wale ni watoto kama mimi. Hao hawatakuwa wezi?"

Hakugeuka. Paji la uso wake lilikuwa limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Wale ni wageni," akasema. "Wewe si mgeni."

Nawaambia ukweli, sikuwahi kusikia neno baya kuliko hilo. Nilisikia kwamba mimi ni wa majani na mbolea. Mgeni anakula yai na kuondoka, mwenye nyumba anaosha sahani yake. Nikaweka nadhiri, kwa uzito wa mtoto, kwamba nikikua nitakuwa mgeni kila mahali.

Mara moja nilijaribu. Bibi alikuwa amekwenda kwenye mazishi ng'ambo ya korongo, na mazishi ya kwetu hayaishi upesi. Nilipanda kiti, nikalishusha jiko. Eliwaza alisimama mlangoni kulinda, kwa makubaliano kwamba atapata nusu. Ndani ya nyumba hapakuwa na mafuta ila yale ya koroboi, nikayamimina yote. Tambi zilikuwa kavu, hazikushika. Nikapoteza njiti za kiberiti moja baada ya nyingine, mpaka moto ukashika upande mmoja tu, wa manjano, ukitoa moshi mweusi kama wa tairi. Yai lilianguka kwenye kikaango likakaa kimya. Halikulia hata kidogo. Nilikuwa nimelitazama tu, nikiliomba lilie, mvua ikanyesha ghafla na Bibi akaingia mlangoni, khanga yake imelowa, Eliwaza ametoweka.

Nilijikunja nikingoja fimbo. Hakunipiga. Alishusha tambi, akazima, akalibeba jiko lile nje kwenye mwanga.

"Nani kakuambia uwashe jiko la mwanamke?" akauliza, sauti ya chini.

"Ni la mama yangu."

"Ndiyo," akasema. "Ni lake."

Yai akampa mbwa. Jioni nzima alikaa kizingitini akisugua masizi kwa majivu na kipande cha limau, akazikata ncha za tambi zilizoungua kwa mkasi wa kushonea, akipuliza kila tundu. Hakusugua sufuria zake hivyo. Mimi nilikaa ndani gizani, maana koroboi haikuwa na mafuta, nikiwaza kwamba bati lile lina thamani kwake kuliko mimi, na kwamba analipenda kwa sababu ni pambo, kama watu wanavyoweka vikombe vya maua ambavyo hakuna anayevinywea.

Mama hakurudi. Mwanzoni kulikuwa na sababu, kisha kukawa na salamu kupitia watu wa reli, kisha salamu zikapungua. Nikiwa sekondari habari zilitufikia kwamba ameolewa Uvinza. Baba mkubwa ndiye aliyezileta, akazisema mezani, akainua macho juu ya kabati.

"Sasa mama, hilo jiko si mlitumie tu? Kuni zenyewe za kutafuta. Yule mwanamke haji tena."

"Hilo lina mwenyewe," Bibi akasema.

"Mwenyewe kaolewa."

"Nimesikia. Nina masikio." Jumamosi iliyofuata alilishusha, akalipangusa kama kawaida.

Nilimwona mkaidi. Nilimwona mchoyo vilevile. Nilikuwa na umri wa kujua kila kitu, na kila nilichokijua kilinikasirisha: ndizi, ukungu, jina la mume, mlima unaoonekana asubuhi kidogo kisha unajifunika kama mtu mwenye siri. Nilipomaliza kidato cha nne nilisema nakwenda Uvinza kumtafuta mama. Nilisema nitarudi kabla ya msimu wa kahawa. Bibi alikubali upesi mno, na hilo nalo likaniudhi.

Miaka mingi baadaye Eliwaza aliolewa Rombo, akanipigia simu nikiwa Kahama machimboni. Tulizungumza mengi ya kipuuzi, kisha akasema, "Unajua leo mama mkwe kaniwekea mafiga yangu?" Akanieleza alivyoambiwa: kwamba mwanamke akishawekewa mafiga yake, hakuna mwanamke mwingine anayekoka moto pale bila yeye, hata akiwa mbali. Anayekoka, anasema kwamba mwenyewe hayupo tena na nafasi yake imekwisha. "Bibi angekuwa hai ningemwomba radhi," akasema Eliwaza. "Ile siku ya mvua." Nikakata simu nikisingizia mtandao.

Mama yangu hakuwekewa mafiga kule mlimani. Alikuja na moto wake mapajani, kutoka mbali, wa kabila jingine, mjane, na watu wengi wa ukoo walimhesabu kama msindikizaji wa mtoto. Katika nyumba ile yote, mtu mmoja tu alimhesabu mwenye jiko. Na alimhesabu hivyo miaka yote, mbele ya mwanawe, mbele ya habari za Uvinza, mbele ya mjukuu aliyenuna kila asubuhi.

Sasa rudini nami kwenye siku niliyoondoka.

Niliamka kukiwa bado na giza la alfajiri kwa harufu ya mafuta ya taa. Nilitoka sebuleni. Kitambaa cha maua mekundu kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Bibi alikuwa amechuchumaa kizingitini, mahali pale pale, mbele ya jiko la kijani, akigeuza kishikio huku na huku kwa vidole vilivyozoea kuni. Moto ulipanda sana, akaushusha mno, ukazimika, akawasha tena. Alikuwa akinong'ona kitu kwa Kichagga, na sikumsikia vizuri, ila lilikuwemo jina la mama yangu.

Nilitaka kumsaidia. Akanisogeza kwa kiwiko. "Kaa."

Kitunguu alikikata vipande vinene. Mafuta yalikuwa bado baridi alipopasua yai, likatandaa kikaangoni bila sauti, kisha moto ukapanda ghafla likaungua chini. Akalikaanga la pili, likawa vilevile. Alinipa sahani ile ambayo Desemba ilitoka kwa ajili ya watoto wa Dar, akakaa pembeni kwenye kigoda changu, mikono magotini, akinitazama nikila.

Nilikula. Lilikuwa na ladha ya mafuta ya taa na chumvi nyingi. Niliwaza kwamba miaka yote hii nimelililia, na hata sasa limekuja limeharibika. Niliwaza pia basi litaniacha. Sikuwaza nilikuwa nikila chakula cha nani, cha mwenye nyumba au cha mgeni.

Mama nilimkuta Uvinza. Alinipokea vizuri, alilia, akaniandalia kitanda pamoja na watoto wake wengine. Baada ya siku chache alinichemshia mayai, akayafunga na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akanisindikiza stesheni. Sote wawili tulikumbuka yai la safari. Nilipanda treni iliyokuja kwanza, na kwa namna fulani bado niko ndani yake. Kahawa ilivunwa bila mimi mwaka ule na iliyofuata. Bibi alizikwa nikiwa chini ya ardhi nikichimba mawe ya mtu mwingine.

Lakini asubuhi ile haya yote yalikuwa bado. Nilimaliza yai la pili, nikaweka sahani chini. "Aika, Bibi," nikasema, asante kwa lugha yake, ambayo nilikuwa mchoyo nayo.

Alinyanyuka, akazima moto, akalipangusa jiko likiwa bado vuguvugu, juu na chini na kuzunguka kila tundu la tambi, kama nilivyomwona mtu mwingine akilipangusa mahali pale. Akaingia ndani. Nilimsikia akivuta kiti, akipanda kwa shida, kisha mlio mdogo wa bati juu ya mbao. Alipotoka nilikuwa nimeshabeba begi.

"Basi litakuacha, mume wangu," akasema. "Jiko nimelirudisha. Ukirudi utalikuta."